Sura ya Saba: Kifutu, Damu na Moyo

Katika nchi kavu inayoanzia chini ya milima ya Chyulu upande wa Makueni na kuendelea mashariki hadi Mutomo, Ikutha na Mutha kusini mwa Kitui, pale inapopakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, kuumwa na nyoka ni hatari ya kila msimu kwa mkulima na mchungaji, na miongoni mwa nyoka wanaoogopwa zaidi yumo kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Ni nyoka mnene na mfupi, mwenye rangi ya mchanga na majani makavu, asiyekimbia asikiapo hatua za mtu bali hutulia palepale alipo akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo sababu hukanyagwa. Huenda msomaji akashangaa kuona kitabu kinachohusu madonge ya damu na magonjwa ya moyo kikimgeukia nyoka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale ambayo tiba inayajua leo kuhusu jinsi damu inavyoganda, jinsi donge linavyoziba mshipa na jinsi linavyoweza kuzuiwa imetokana na uchunguzi wa sumu, na katika miaka ya karibuni dawa zilizobuniwa kwa ajili ya moyo na damu zimeanza kujaribiwa dhidi ya sumu ya nyoka. Elimu ya moyo na elimu ya sumu ni elimu moja, nao watu wa Ukambani, eneo la Kenya zilimo Makueni na Kitui, wanaoihitaji kwa pande zote mbili, wanastahili kuwa katikati yake wala si pembezoni.

Damu iliyomo mishipani haina budi kubaki majimaji, na damu inayotoka jerahani haina budi kuganda. Uhai unategemea mambo haya mawili yanayokinzana kutendeka ndani ya mwili uleule, pengine katika umbali wa milimita chache tu. Mshipa unapokatika, chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo vya seli vinavyoelea ndani ya damu, ndizo hutangulia kufika, zikanata kwenye ukingo wa jeraha na kunatana zenyewe kwa zenyewe. Nyuma yake hufuata mfululizo wa protini, nyingi zikiwa zimetengenezwa na ini, ambazo hukaa ndani ya damu bila kazi mpaka kila moja iamshwe na iliyoitangulia, hadi mwishoni kinapotokea kimeng'enya kiitwacho thrombini, nacho huigeuza fibrinojeni, protini iliyoyeyuka katika damu, iwe fibrini, yaani nyuzi zinazosukana kama wavu na kuzinasa chembe nyekundu za damu. Mfululizo huu ulielezwa mwaka 1964 na R. G. Macfarlane wa Oxford, na mwaka huohuo Earl Davie na Oscar Ratnoff wakaueleza kwa namna inayokaribiana na hiyo huko Marekani. Jina la Macfarlane litarejea hapa chini, kwa kuwa alianza kazi yake na nyoka miaka 30 kabla ya hapo.

Madhara hutokea pale damu inapoganda mahali pasipo jeraha. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alifafanua katika mwaka 1856 jinsi donge lililoundwa katika vena za mguu linavyoweza kung'oka, likasafiri na damu kupitia upande wa kulia wa moyo na kwenda kuziba ateri ya pafu. Donge la namna hiyo lililong'oka na kusafiri ndilo huitwa emboli, na likiwa kubwa linaweza kuua katika dakika chache, kwa sababu moyo husukuma damu kwenye njia iliyofungwa. Aliyelazwa muda mrefu, aliyevunjika mfupa wa paja na mama aliyetoka kujifungua wako katika hatari hiyo kuliko wengine. Lipo pia donge linaloanzia ndani ya moyo wenyewe. Homa ya yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni, huharibu vali za moyo, na miaka mingi baadaye chumba cha juu cha moyo hupanuka na kuanza kupapatika badala ya kudunda sawasawa. Damu hutuama humo, hujenga donge, na kipande kikimeguka na kupanda kwenye ubongo mtu hupatwa na kiharusi akiwa bado katika umri wa kulea watoto. Ugonjwa huu umekuwa adimu Ulaya, ila Afrika Mashariki ungali ni mojawapo ya sababu kuu za moyo kushindwa kazi miongoni mwa vijana.

Sumu ya kifutu huingia katika mfumo huu kwa milango kadhaa kwa wakati mmoja. Jambo linaloonekana kwanza ni uvimbe, ambao unaweza kupanda kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kwenye paja, ukifuatwa na malengelenge na kuoza kwa nyama, huku maji yanayovuja kutoka mishipani yakilishusha shinikizo la damu. Chini ya uvimbe huo yapo yasiyoonekana kwa macho. Ndani ya sumu hiyo imo protini iitwayo bitiscetini, inayozifanya chembe sahani zishikane ovyo mahali pasipo na haja, na imo nyingine, bitistatini, inayofanya kinyume kabisa kwa kukikalia kipokezi ambacho chembe sahani hukitumia kushikana. Kwa baadhi ya waathiriwa chembe sahani hupungua sana, na damu hutoka kwenye ufizi, puani au kwenye kidonda chenyewe. Nyoka mmoja amebeba ndani ya tezi zake kitu cha kugandisha na kitu cha kuzuia kuganda, na mtaalamu anayetaka kuelewa damu hupata humo vifaa ambavyo asingeweza kuvibuni mwenyewe.

Nyoka wa mitini ajulikanaye kama bumslang, ambaye naye anapatikana Kenya, huonyesha upande mwingine wa jambo hili. Sumu yake huziamsha protini za ugandaji, damu ikaganda vipande vidogo vidogo mwilini mote hadi fibrinojeni ikaisha, na kuanzia hapo hakuna kilichobaki cha kugandisha jeraha lolote. Kutokwa na damu huchelewa, hata kwa siku nzima, na kuchelewa huko huwadanganya watu. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, aliumwa na nyoka huyu tarehe 25 Septemba 1957, akaandika dalili zake mwenyewe kwa utulivu, na kesho yake akafariki, damu ikiwa imevuja katika mapafu, figo na ubongo wake. Katika kisiwa cha Martinique, kwa upande mwingine, yuko nyoka wa jenasi Bothrops ambaye waathiriwa wake hupatwa na kiharusi na kuziba kwa mishipa ya mapafu, yaani madonge halisi. Kuvuja na kuziba ni matokeo mawili ya uharibifu wa mfumo uleule, na kinachoamua lipi litokee ni protini ipi iliyoguswa na kwa kasi gani.

Kipimo kinachoonyesha iwapo damu ya aliyeumwa ingali inaganda hakihitaji umeme wala mashine, na kwa sababu hiyo kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Mhudumu huchota mililita 2 za damu kutoka kwenye vena ya mkono usio na kidonda, akaimimina katika neli ya kioo iliyo mpya, safi na kavu, akaisimamisha mahali ambapo haitaguswa, na kutazama saa. Baada ya dakika 20 huiinamisha neli mara moja tu. Ikiwa damu imeshikamana na kubaki chini ya neli, mfumo wa ugandaji ungali unafanya kazi. Ikimwagika kama ilivyoingia, fibrinojeni imekwisha au inakaribia kwisha, na mgonjwa anahitaji kiuasumu, yaani dawa inayotengenezwa kwa kingamwili za wanyama, aghalabu farasi, waliozoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo. Kioo ndicho kiini cha kipimo, kwa sababu damu huanza kuganda inapogusana na uso wake, jambo ambalo plastiki haifanyi ipasavyo, na neli iliyowahi kuoshwa kwa sabuni hutoa jibu la uongo hata ikiwa inang'aa. Hapa ndipo zahanati nyingi hukwama, kwa maana neli za plastiki zimechukua nafasi ya zile za kioo karibu kila mahali. Kipimo hurudiwa kila baada ya saa 6 kufuatia dawa, kwa kuwa huo ndio muda ambao ini, likishaondolewa adui, hukadiriwa kuhitaji ili litengeneze fibrinojeni ya kutosha kugandisha damu tena.

Anayeelewa kinachotendeka ndani ya neli hiyo ataelewa pia kwa nini kuchanja kidonda kwa wembe, desturi iliyoenea vijijini, ni jambo la hatari. Sumu haitoki kwa kuchanjwa, na mtu ambaye damu yake haigandi huongezewa milango ya kuvuja. Kamba inayofungwa kwa nguvu juu ya kidonda huukosesha damu mguu ambao tayari umevimba na kushambuliwa na sumu, na jiwe jeusi linalobandikwa ili linyonye sumu halijathibitishwa kuwa na nguvu hiyo. Kinachofaa ni kumtuliza mtu, kumvua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda, kuufunga mguu kwenye kijiti ili usichezechezwe, na kumkimbiza hospitali kwa gari au pikipiki yoyote iliyo karibu. Watu wa kusini mwa Kitui hawaendi kwa mganga kwanza kwa ujinga. Wanaenda kwa sababu mganga yuko kijijini, wakati Hospitali ya Misheni ya Mutomo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la walioumwa na nyoka katika eneo hilo, inaweza kuwa mbali kwa saa kadhaa za barabara ya vumbi.

Wakati vijiji kama hivyo vikiendelea kuhesabu waathiriwa wake, maabara za mbali zilikuwa zikigeuza sumu kuwa dawa. Mwaka 1934 Macfarlane, akishirikiana na Burgess Barnett aliyekuwa msimamizi wa nyoka katika bustani ya wanyama ya London, alionyesha kwamba sumu ya kipiribao wa Asia aitwaye nyoka wa Russell, ikizimuliwa sana na kupakwa kwenye jeraha, huweza kusimamisha damu ya mtu mwenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu yake haigandi vizuri. Sumu hiyohiyo hutumika hadi leo maabarani kutafuta kingamwili fulani zinazosababisha madonge na kuharibika kwa mimba kwa wanawake vijana. Mwanasayansi wa Brazil Sérgio Ferreira alichunguza sumu ya nyoka aitwaye jararaca, akapeleka matunda ya uchunguzi wake katika maabara ya John Vane huko London, na kutokana na kazi hiyo kampuni ya Squibb ikaunda kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981 kwa ajili ya shinikizo la damu. Enalaprili, ambayo wagonjwa wengi wa moyo na presha nchini Kenya huimeza kila siku, ni ndugu yake wa karibu. Tirofibani, dawa ya kuzuia chembe sahani zisizibe ateri ya moyo wakati wa shtuko la moyo, iliigwa kutoka kwenye protini ya nyoka wa jenasi Echis, na iliidhinishwa mwaka 1998.

Kifutu naye ana sehemu yake katika historia hii, ingawa haisimuliwi sana. Kwa kuwa bitistatini hushika kipokezi kilichopo kwenye chembe sahani, na donge bichi limejaa chembe hizo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia, wakiongozwa na Linda Knight, waliibandika protini hiyo atomu zenye mnururisho na kuitia katika damu ya mbwa waliokuwa na madonge, kisha wakayaona madonge hayo kwa kamera, yale ya kwenye vena za miguu na yale yaliyokwisha kusafiri hadi mapafuni. Kwa maneno mengine, kitu kilichomo katika sumu ya nyoka anayewalaza watu wa Kitui hospitalini kilitumiwa kuitafuta emboli ya pafu, ugonjwa ambao katika hospitali za wilaya za Afrika Mashariki bado ni mgumu kuutambua kwa sababu mashine za kupiga picha za tabaka ni chache na ghali. Hakuna ubaya wowote katika utafiti huo; ni kazi nzuri. Kinachouma ni kwamba njia ya elimu ilikuwa ya upande mmoja kwa muda mrefu mno.

Nyoka hakuwa mwalimu pekee. Mwaka 1933 mkulima wa Wisconsin alimpelekea mkemia Karl Paul Link kopo la damu ya ng'ombe isiyoganda, ng'ombe ambao walikuwa wamekula majani makavu yaliyoota ukungu. Sumu iliyopatikana humo ndiyo iliyozaa warfarini, ambayo iliuzwa kama dawa ya panya mwaka 1948 na kuanza kutumiwa kwa binadamu katika miaka ya 1950; hulizuia ini kuitumia vitamini K katika kukamilisha protini za ugandaji. Ukambani unaijua sumu ya ukungu kwa uchungu wake wenyewe: mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalisababisha mlipuko wa sumu ya aflatoksini, hasa katika Makueni na Kitui, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kuharibika kwa ini, kiungo kilekile ambacho ugandaji wa damu hukitegemea.

Warfarini ni dawa ya zamani, na wengi walitarajia kwamba dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu mara kwa mara zingeifuta kabisa. Jaribio lililoitwa INVICTUS, lililowahusisha wagonjwa 4,565 wenye mpapatiko wa moyo uliotokana na homa ya yabisi katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, lilitoa jibu tofauti mwaka 2022: waliopewa dawa za jamii ya warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa mpya. Ni matokeo yenye uzito kwa nchi maskini, kwa sababu yalipatikana kwa kuwachunguza wagonjwa wanaofanana na wagonjwa wao. Yanaleta pia mzigo. Anayetumia warfarini hana budi kupimwa kasi ya kuganda kwa damu yake kila baada ya wiki chache, kwani dozi ikiwa ndogo donge hurudi na ikizidi damu huvuja, na kipimo chenyewe hubadilika kulingana na mboga anazokula. Katika Makueni mvua ikinyesha, majani ya kunde hujaa sahanini kando ya muthokoi, nayo yana vitamini K kwa wingi. Kiangazi kikija hupungua au hutoweka. Mhudumu anayempangia mgonjwa dozi bila kuuliza mvua ilinyesha lini hajamaliza kazi yake. Huko Eldoret kliniki inayoendeshwa na wafamasia imeonyesha tangu 2008 kwamba ufuatiliaji wa namna hii unawezekana nje ya Nairobi, na hakuna sababu ya kisayansi inayozuia usifanyike katika mji wa Wote au wa Kitui.

Sasa njia ya elimu imeanza kupitika kwa upande wa pili. Dawa iitwayo varespladibu ilikusudiwa kupunguza uvimbe wa ndani ya ateri za moyo, ikajaribiwa kwa watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamepatwa na matatizo ya ghafla ya moyo, na mwaka 2012 jaribio likasimamishwa kwa kuwa haikuwasaidia, bali ilionekana kuongeza hatari ya shtuko la moyo. Mwaka 2016 Matthew Lewin na wenzake wa Marekani walitoa ushahidi wa kimaabara kwamba dawa hiyo iliyoanguka huzima kimeng'enya kilichomo katika sumu za nyoka wengi, na tangu hapo imejaribiwa kwa watu walioumwa. Unithioli, dawa ya zamani ya sumu za metali, huvinyima vimeng'enya vya nyoka zinki vinayoitegemea; usalama wake ulipimwa kwa watu wazima 64 wenye afya huko Kilifi, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzao wa Liverpool. Zote mbili zina uwezekano wa kumezwa, maana yake ni kwamba siku moja mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kumpa mtu dozi ya kwanza kabla ya safari.

Matokeo yanayoihusu Ukambani moja kwa moja zaidi yalichapishwa mwaka 2024. Watafiti wa Sydney, Liverpool na Costa Rica walitaka kujua ni kitu gani katika seli ya binadamu ambacho sumu ya swila watemao mate hukihitaji ili iiue, nao wakakuta ni heparani, sukari ndefu iliyopo juu ya seli. Heparini, dawa ambayo Jay McLean aliigundua Baltimore mwaka 1916 na ambayo hospitali duniani kote huwapa wagonjwa wenye donge la mguu au emboli ya pafu, inafanana nayo kiasi cha kuidanganya sumu ikaishika badala ya kuishika seli. Mmoja wa nyoka wawili waliotumiwa ni swila mwekundu, mkazi wa nchi kavu za Kenya, na tinzaparini, dawa ya jamii ya heparini, ilipunguza kuoza kwa ngozi ya panya waliodungwa sumu. Viuasumu vya sasa haviuzuii vizuri uozo huo, ambao ndio unaowaacha watu wengi bila vidole au bila mguu.

Viuasumu vyenyewe vimekuwa na historia ya kusikitisha. Fav-Afrique, kilichosifiwa kwa ubora, kiliachwa kutengenezwa mwaka 2014, na akiba yake ya mwisho ikaisha muda wake Juni 2016. Mwaka 2017 utafiti wa wanasayansi wa Liverpool na wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani huko Karen, Nairobi, uliovijaribu kwa panya viuasumu vilivyokuwa vikiuzwa Kenya, ulionyesha kwamba baadhi yake vilikuwa dhaifu mno dhidi ya nyoka wa Afrika Mashariki. Ni mwaka huohuo ambapo Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha uumwaji na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, likikadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 ilitaja fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo kinachosababishwa na mnyamapori. Ni fedha nyingi kuliko gharama ya dozi kadhaa za kiuasumu kizuri pamoja na jokofu la kukihifadhia.

Lipo sharti moja ambalo majaribio ya heparini dhidi ya sumu ya swila hayataweza kulikwepa yatakapofikishwa kwa binadamu katika nchi hii. Mtu anayeletwa Mutomo usiku mara nyingi hajamwona nyoka aliyemuuma. Akiwa ameumwa na swila, dawa ya jamii ya heparini inaweza kuja kuuokoa mguu wake. Akiwa ameumwa na kifutu au bumslang, na damu yake imekwisha kupoteza uwezo wa kuganda, dawa hiyohiyo inaweza kuongeza uvujaji na kumuua. Mhudumu atahitaji kujua ndani ya nusu saa yuko mbele ya damu ya aina gani, na kwa hiyo mpango wowote wa utafiti utakaopelekwa Kitui au Makueni, uwe umefadhiliwa vizuri kiasi gani, itabidi uanze kwa kuhakikisha kwamba kila kituo kina neli za kioo, saa ya ukutani na mtu aliyefundishwa kungoja dakika 20 bila kuigusa neli.